Namna ya Kutazama Filamu za Familia za Kihindi za Zamani: Mfuate Mama

Mtu anayeketi kwa mara ya kwanza mbele ya filamu ya Kihindi ya miaka ya 1950 au ya 1970 mara nyingi hukata tamaa kabla ya mapumziko. Huona kilio kingi, nyimbo zinazokatiza kisa, na ndugu waliopoteana wakikutana kwa sadfa ambayo hawezi kuiamini. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo, na pia yule aliyezitazama picha hizi utotoni pamoja na wazazi wake, akalia pamoja nao bila kujua analilia nini. Shauri langu kubwa ni moja: usimfuate steringi, mfuate mama. Steringi ndiye anayepigana, lakini hukumu iko mikononi mwa mama, na ukijua kila wakati amesimama upande gani, na kusimama huko kumemgharimu nini, utakuwa umeushika uzi wa kisa chote.

Chagua filamu tatu, uzitazame kwa mpangilio huu: Deewaar ya mwaka 1975, Awaara ya mwaka 1951, kisha Mother India ya mwaka 1957. Tunaanza na ya karibuni kwa sababu mwendo wake hautamchosha mtu wa leo, na tunamaliza na Mother India kwa sababu Deewaar imejengwa juu ya mifupa ileile ya mama mmoja na wana wawili, mmoja mtiifu na mmoja aliyeasi sheria. Kila filamu itengee karibu saa tatu zisizo na shughuli nyingine. Ukihitaji kupumzika, pumzika pale filamu yenyewe inapotangaza mapumziko, kwa maana waandishi walilipanga jambo zito litokee kabla tu ya hapo, ili watazamaji watoke nje wakiwa na la kujadiliana.

Kabla ya kuanza, jifunze majina ya ukoo. Hapa msikilizaji wa Kiswahili hunaswa na maneno anayodhani anayajua. Katika Kihindi, "mama" ni mjomba, yaani kaka wa mama yako. Mama mzazi ni "maa". "Dada" ni babu mzaa baba, na "kaka", pale linapotumika, ni baba mdogo, ambaye mara nyingi zaidi huitwa "chacha". Mke wa kaka mkubwa ni "bhabhi", na mdogo wake mume ni "devar"; kati ya wawili hawa mna heshima inayokaribia ile ya mama na mwana, kwa hiyo neno baya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lina uzito wa tusi kwa nyumba nzima. Tafsiri za Kiingereza zinazopita chini ya picha huyafuta haya yote kwa neno moja au mawili. Sisi tunao shemeji, wifi, mavyaa na mkaza mwana, na ndiyo maana naamini kwamba mtu wa pwani akitega sikio anaweza kuzielewa filamu hizi vizuri kuliko anayetegemea maandishi peke yake.

Tega sikio pia kwa maneno ya Kiurdu yaliyotoka Kiarabu, kwa kuwa mengi yake tunayo: zulm ni dhuluma, insaaf ni insafu, maut ni mauti, duniya ni dunia, amaanat ni amana. Lililo muhimu kuliko yote ni farz, ambalo ni faradhi yetu, ingawa katika filamu halibaki kwenye ibada bali linabeba wajibu wowote usioweza kukwepwa, uwe wa mwana kwa mzazi au wa askari kwa sheria. Kila linapotamkwa, jiulize ni faradhi ipi inayogongana na ipi. Ugomvi wa filamu hizi mara chache huwa kati ya wema na ubaya mtupu. Mara nyingi ni kati ya faradhi mbili ambazo mtu mmoja hawezi kuzitimiza zote.

Sasa washa Deewaar, iliyoongozwa na Yash Chopra na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, analazimishwa kutia saini ya usaliti ili familia yake isiuawe, na watu wenye hasira wanamchora mwanawe mkubwa, Vijay, chale mkononi zinazosema kwamba baba yake ni mwizi. Mama anawachukua watoto hadi Bombay, anabeba matofali kwenye majengo, na mwana mdogo, Ravi, ndiye anayepata shule. Vijay, anayechezwa na Amitabh Bachchan, anakuwa tajiri wa magendo. Ravi, anayechezwa na Shashi Kapoor, anakuwa askari polisi. Katika mabishano yao chini ya daraja, Vijay anataja majumba, magari na fedha alizo nazo, na Ravi anamjibu kwa maneno machache yaliyopata umaarufu mkubwa kuliko mengine yoyote ya filamu hii, kwamba yeye anaye mama. Wengi huishia kulifurahia jibu hilo. Wewe rudi nyuma kidogo umtazame Nirupa Roy, anayecheza mama, akiondoka katika nyumba ya Vijay, kwa kuwa mwana anayemwacha ndiye anayempenda zaidi, naye hafichi. Baadaye anamkabidhi Ravi bastola kwa ajili ya kazi ya kumsaka kaka yake, akiisha kutimiza faradhi hiyo anakwenda hekaluni kumngojea mwana huyohuyo anayesakwa. Hesabu mara ambazo Vijay, aliyekuwa akibaki ngazini tangu utotoni, anaingia hekaluni: mara moja kumwombea mama aliye mgonjwa, na mara ya mwisho kufia mapajani mwake. Angalia vilevile kibati chake cha kazi ya bandarini chenye namba 786, ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba inasimama badala ya Bismillahi, na uone kinapomtoka ni saa gani.

Vitu vya namna hii vifuatilie katika kila filamu. Sinduri, ule unga mwekundu wa mwanamke aliyeolewa, inapofutwa kichwani mwake, mangalsutra, yaani mkufu wa ndoa, inapokatika, bangili inapowekwa rehani, hapo filamu imekwambia jambo ambalo wahusika bado hawajalitamka.

Awaara inahitaji ujue kisa kimoja cha Ramayana, utenzi mtakatifu wa Wahindu. Mfalme Rama alimrudisha mkewe Sita kutoka mikononi mwa mtekaji, kisha akamfukuza akiwa mjamzito kwa sababu ya maneno ya watu. Katika Awaara jaji Raghunath anafanya hivyohivyo kwa mkewe aliyetekwa na jambazi, na usiku anapomfukuza, waimbaji wa mtaani wanaimba dhuluma aliyotendewa Sita. Mtu anayeruka wimbo huo atadhani jaji amekasirika tu. Anayeusikiliza ataelewa kwamba filamu inamshitaki mume kwa ushahidi wa kitabu anachokiheshimu. Kwa sababu hiyo usiruke nyimbo. Mara nyingi wimbo husema lile ambalo heshima inamkataza mhusika kulisema mbele ya wakubwa, na si ajabu kwamba waimbaji wa taarab wa pwani yetu walizichukua tuni zake nyingi. Jua pia kwamba jaji na mwana asiyemtambua wanachezwa na Prithviraj Kapoor na mwanawe wa kumzaa, Raj Kapoor, na kwamba mtoto anayecheza utoto wa Raj ni Shashi, yule utakayekuwa umemwona akiwa Ravi.

Kuhusu sadfa nitasema machache. Katika Waqt ya mwaka 1965, ambayo jina lake ni wakati wetu, baba anajisifu kwa mali na wana, tetemeko la ardhi linaisambaratisha nyumba yake usiku uleule. Katika Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977, ndugu watatu waliolelewa katika dini tatu wanamtolea damu kwa pamoja mwanamke wasiyejua kwamba ni mama yao. Hakuna hospitali inayofanya hivyo, na mwongozaji Manmohan Desai hakudai ipo. Pokea sadfa kama unavyoipokea katika hadithi ya bibi: swali si kama linawezekana, bali damu inamtambua nani.

Mother India ya Mehboob Khan iwe ya mwisho. Radha anaolewa kwa harusi iliyogharimiwa na mkopo wa rupia 500, na riba yake inakula robo tatu ya mavuno, mwaka baada ya mwaka. Bangili zake zinaishia kwa mkopeshaji, Sukhilala, na mwana mdogo, Birju, anakua na hasira ya bangili hizo. Birju anapomteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, Radha anamwambia kwamba mwana anaweza kumtoa, heshima hawezi, kisha anafyatua bunduki. Nargis, aliyecheza Radha, na Sunil Dutt, aliyecheza Birju, walizaliwa mwezi mmoja, Juni 1929, na mwaka uliofuata filamu hiyo walioana. Kwa hiyo uzee wa Radha utafute mabegani na katika mwendo wake, maana ndiko Nargis alikouweka.

Ikiisha, usizime. Rudisha hadi dakika za mwanzo, pale wanakijiji wanapomwomba bibi kizee afungue mfereji wa maji naye anakataa, na umtazame uso wake sasa, ukiwa unajua maji hayo yatatoka na rangi gani.