Corolla 110 Haliwaki Baada ya Kufungwa Mkanda Mpya wa Taimingi

Gari lililoingia gereji likitembea, kisha likagoma kuwaka mara tu baada ya kufungwa mkanda mpya wa taimingi (unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati ufaao), litafutiwe kosa kwanza pale mikono ya fundi ilipopita. Inaniuma kuona wenye magari wakiuziwa pampu na sensa ilhali za zamani hazina kasoro. Maelezo haya yanahusu injini ya petroli ya 5A-FE ya Toyota Corolla 110.

Hatua ya 1. Piga stata kwa sekunde chache huku ukisikiliza. Ikizunguka kwa uzito, kagua betri na waya wa ethi. Ikizunguka haraka na kwa ulaini usio wa kawaida, bila ule mdundo wa silinda zinapobana hewa, shuku taimingi na uache stata. Valvu za 5A-FE hazigongi pistoni taimingi ikihama, lakini kwenye dizeli ya 3L ya Hiace hugonga na kupinda. Humo usipige stata kabisa.

Hatua ya 2. Kagua nyaya za plagi, kwa kuwa huchomolewa ili kava ya valvu itoke. Moto hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na silinda ya 1 ndiyo iliyo upande wa mkanda.

Hatua ya 3. Chomoa waya hasi wa betri, toa plagi zote, kisha uzungushe krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) kwa spana kufuata mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili, hadi alama ya puli ya chini ikae kwenye 0. Sasa chungulia kitundu kidogo cha puli ya kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu): alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi nyuma yake ionekane katikati ya kitundu. Kitundu kikiwa upande wa pili kabisa, ongeza mzunguko mmoja, kwani kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Macho yawe usawa wa puli, maana anayechungulia kutoka juu huweza kudhani mkanda umeruka jino ilhali haujaruka. Ukiruka jino moja, gari mara nyingi huwaka bila nguvu; ukiruka meno kadhaa, haliwaki.

Chanzo kikubwa cha kuruka ni kuacha mkanda ukiwa legevu upande usio na tenshena (puli ya kukaza mkanda): springi ikivuta, kemshafti hugeuka kidogo na alama huhama. Uvute kwanza upande huo, uvalishe, ndipo ulegeze boliti ya tenshena.

Hatua ya 4. Alama zikiwa sawa, pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Vipimo vya silinda zote nne vikiwa chini kwa pamoja, ingiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi ya 1 uhakikishe kwamba pistoni iko juu alama inaposoma 0, kwani kii ya krenki (kipande cha chuma kinachoshikiza puli kwenye krenki) ikikatika alama hudanganya. Kompresheni ikiwa nzuri na cheche ipo, hapo ndipo pana sababu ya kugusa fyuzi, rilei na pampu ya mafuta.