Kumfuga nyoka Tanga: anza na sanduku

Vijana hunijia na nyoka ndani ya kiroba, swali la kwanza: anakula nini? Chakula baadaye. Kwanza niambie atakaa wapi.

1. Kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumwokota nyoka porini ukamfanya wako. Pitia ofisi ya wanyamapori kabla ya lolote. Hata ukiwa na kibali, chatu wa kwetu huweza kupita mita 4, chumba cha kupanga hakimtoshi. Wenye sumu hata tusiwazungumzie. Hapa namsemea yule wa kahawia asiye na sumu, anayeingia majumbani kufuata panya. Kama hujui kumtofautisha kwa uhakika, usimshike.

2. Sanduku. Hapa wafugaji ndipo tunapogombana. Kuna wanaotumia droo za plastiki: karatasi chini, bakuli la maji, basi. Kusafisha ni dakika mbili, na nyoka mwoga hutulia gizani. Nami nilifuga hivyo miaka miwili. Walikula, wakanenepa, nikajiona fundi. Ila usiku nilisikia kwaru, kwaru: pua zinasugua plastiki, hadi mmoja akachubuka midomo. Nilipomhamishia kwenye sanduku la mbao la sentimita 120, usiku ule ule alijinyoosha mwili mzima. Kwenye droo sikuwahi kumwona hivyo. Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: sanduku lisiwe fupi kuliko nyoka aliyenyooka.

Chini tandaza usumba wa nazi uliochambuliwa. Weka tawi la mkorosho na maficho mawili. Kipande cha chungu kilichovunjika kinatosha. Moja upande wa joto, jingine upande wa baridi, maana akiwa na moja tu atalazimika kuchagua kati ya kujificha na kuota joto.

3. Joto. Upande mmoja nyuzi 30 hadi 32, wa pili kama 25. Wakati wa kaskazi shida yetu ni kupoza, kwa hiyo sanduku lisikae karibu na bati. Usiku wa kusi tumia balbu iliyozungushiwa wavu, yenye thamostati, kifaa kinachoizima na kuiwasha chenyewe kulingana na joto. Mawe ya kupashwa kwa umeme yanaunguza tumbo, usinunue. Masika toboa matundu zaidi ya hewa. Nyoka akikoroma au akitoa mapovu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

4. Chakula. Panya aliyekwisha kufa, asiyezidi unene wa nyoka, kwa kibano kirefu. Nyoka mdogo kila wiki, mkubwa kila siku 10 hadi 14. Siku moja nilimwachia panya hai nikaenda kuswali magharibi. Nyoka hakuwa na njaa. Panya alikuwa nayo. Nilirudi nikakuta mgongo umetafunwa hadi nyama, na magamba pale hayakurudi sawa mpaka leo. Panya wa mtego wa jirani pia hapana, huenda kala sumu. Akishameza, usimshike siku mbili, anaweza kutapika.

5. Kujivua gamba. Macho yakiingia ukungu wa bluu, mwache. Gamba zima hutoka kama soksi. Likikatikakatika, mwekee kitambaa kibichi ndani ya maficho. Kisha lishike gamba juani utazame kichwani: lazima uone viduara viwili vya macho, vinavyopitisha mwanga. Kikikosekana kimoja, bado kimeng'ang'ania jichoni. Usikibandue kwa kucha.