Kabla mguu haujakatwa, mwambieni mgonjwa kwamba atausikia

Usiku wa tatu baada ya baba kukatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari, aliniomba nimkune unyayo wa kulia. Nikafunua shuka, nikamwonyesha bandeji. "Najua haupo, mwanangu," akasema taratibu, "lakini unaniwasha." Siku mbili zilizofuata hakusema tena habari za mguu. Baadaye ndipo alipokiri kwamba alidhani akili zinamruka. Hospitalini hakuna aliyetudokeza kabla, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mlioko nyumbani na tarehe ya upasuaji mkononi.

La kwanza ni kumwambia, akiwa bado ana miguu miwili. Wengi wanaokatwa kiungo huendelea kukisikia: kinawasha, kina joto, kimekunjwa vibaya, vidole vimebanwa. Si wazimu, wala hajarogwa. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliyaona haya kwa askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na mwaka 1871 akayapa jina la Kiingereza, phantom limb, ambalo madaktari wanalitumia hadi sasa. Sisi nyumbani tuliuita mguu hewa, kama wale watumishi hewa: mtu hayupo kazini, ila jina lake lingali kwenye orodha ya mishahara.

Orodha yenyewe imo ubongoni. Wilder Penfield, daktari wa Montreal, Kanada, alipokuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, aligusa ubongo kwa umeme kidogo, nao wakamwambia wanasikia wapi mwilini. Hivyo ikachorwa ramani. Katika ramani hiyo mkono umepakana na uso, na mguu umepakana na sehemu za siri. Kisu kinaondoa mguu, ramani inabaki, na jirani anaweza kuingia kwenye kiwanja kilichoachwa wazi. Miaka ya 1990, V. S. Ramachandran kule California alimgusa shavu kijana aliyepoteza mkono, naye akasikia vidole vyake visivyokuwepo vinaguswa. Kwa aliyekatwa mguu, hisia za mguu zinaweza kuamka hata faraghani na mwenzi wake. Wana ndoa waambiwe hili mapema, tena bila kuona haya, maana likimkuta mtu hajui linaweza kuvunja nyumba.

Ulizeni pia habari ya maumivu kabla ya upasuaji. Mguu uliouma sana kwa muda mrefu kabla ya kukatwa una uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuuma ukiwa haupo. Msimwache mzee akavumilia eti mguu wenyewe unaondoka kesho kutwa. Mwulizeni daktari maumivu yatatulizwaje kabla, wakati wa upasuaji na baada yake. Panadoli mara nyingi haiyawezi maumivu haya. Daktari anaweza kuandika amitriptilini au gabapentini, na zote mbili huleta usingizi na kizunguzungu.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo ningependa kila familia iijue. Mtu anaamka usiku kwenda msalani, anausikia mguu wake mzima kabisa, anaukanyagia, anaanguka juu ya kidonda. Kabla hajarudi nyumbani, wekeni ndoo au kiti cha haja karibu na kitanda, taa inayofikiwa kwa mkono, na magongo upande wa mguu uliobaki. Ondoeni mikeka inayoteleza. Mwezi wa kwanza alale na mtu chumbani.

Kubalianeni mapema pia mguu utakwenda wapi. Familia nyingi za Kiislamu huuzika, na hospitali ijulishwe kabla ya siku yenyewe. Wapo watakaosema unauma kwa kuwa umezikwa vidole vimekunjwa. Baba aliambiwa hivyo na jamaa wa karibu, akataka tukafukue. Chanzo kiko kwenye neva na ubongo, si kaburini.

Nunueni kioo kirefu, kile cha kabati la nguo kinatosha. Mgonjwa anakaa, kioo kinasimama katikati ya mapaja, mguu mzima upande wa mbele ya kioo, kigutu kimefichwa nyuma. Anapotazama, anaona miguu miwili. Anauchezesha mguu mzima polepole, huku akijaribu kuchezesha na ule mwingine. Robo saa kila siku kwa majuma kadhaa imewasaidia baadhi ya watu. Baba hukuna unyayo wa kushoto macho yakiwa kiooni, na wa kulia unatulia. Akiona kizunguzungu au huzuni ikimshika, aache. Kwa waliopoteza miguu yote miwili, njia hii haifai.

Kuhusu kugusa kigutu, jaribu kujitekenya kwapani: hucheki. Mwaka 1998 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, London, walionyesha kwamba ubongo mdogo ulioko kisogoni hutabiri mguso wa mkono wako mwenyewe na kuupunguza makali. Mkono wa mwingine hautabiriki. Kwa hiyo kidonda kikishapona na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaruhusu, mwenyewe ndiye aanze kukizoeza kuguswa: pamba kwanza, halafu khanga kuukuu iliyolainika, mwisho taulo. Wengine wafuate, tena waseme kabla hawajagusa. Mjukuu alimpapasa babu kigutu bila kusema, babu akaruka na kucheka kwa nguvu: mtekenyo ulishika nyayoni, kwenye unyayo uliozikwa. Mtoto alilia kwa hofu, ikabidi tumweleze na yeye. Ngozi ikizoea kuguswa, mguu bandia nao huvalika kwa urahisi zaidi.

Na msiyaite yote mguu hewa. Kigutu kikivimba, kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa, hayo si mambo ya ramani. Rudini hospitalini siku hiyo hiyo.