Hesabu vizazi kwanza, ndipo uogope

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano aliponiandikia usiku: “Dada, eti dawa niliyopulizia maua itawafikia mpaka vitukuu?” Alikuwa amesoma habari ya panya waliopewa dawa wakiwa na mimba, athari ikaonekana hadi kwa vizazi vya mbali. Nikachukua karatasi, nikachora duara, ndani yake duara dogo, ndani ya hilo nukta. Habari yoyote ya namna hii mimi huisoma na mchoro huo kando.

Duara kubwa ni mama, dogo ni kijusi. Nukta ni chembe za uzazi za kijusi hicho. Kijusi cha kike cha miezi mitano kina mayai machanga kama milioni 6 au 7, na humo ndimo watakamotoka wajukuu wa mama huyo. Sumu ikimwingia leo, imewagusa watatu kwa mpigo. Basi mjukuu akionekana na athari, usiseme karithi, naye alikuwemo. Anza kuhesabu urithi kwa kitukuu. Kama aliyeguswa ni mwanamume, anzia kwa mjukuu.

Kisha uliza: mnyama gani, dawa kiasi gani, iliingiaje? Wale panya wa mwaka 2005, wa maabara ya Michael Skinner huko Marekani, walidungwa sindano ya vinklozolini, dawa ya kuua ukungu, wakiwa na mimba. Upungufu wa mbegu za kiume ulionekana hadi kwa vilembwe, kwa hiyo kwa hesabu yetu jaribio linapita. Ila kipimo kilikuwa miligramu 100 kwa kilo ya uzito kila siku. Hakuna anayepulizia maua hivyo.

Kwa binadamu utaletewa mfano wa njaa kali ya Uholanzi ya 1944–45, wakati wa vita. Waliotungwa mimba wakati ule, baada ya miaka kama 60, walikutwa na alama pungufu za methili (vibandiko vya kikemikali vinavyosaidia kuwasha au kuzima jeni) kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji. Napenda kwamba walilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja, maana familia hurithishana pia mapishi na tabia. Lakini rudi kwenye duara: hao ni watoto, njaa waliionja wenyewe tumboni.

Mdogo wangu alimwachia mumewe bomba la dawa. Nikamwambia huyo naye avae glavu na barakoa: mbegu zake huchukua kama siku 74 kutengenezwa, na wanataka mtoto mwingine.