Tarehe ya harusi mkwe akiwa Mchina: anzeni kwa kufuta

Mimi ni shangazi wa bibi harusi na katibu wa kamati yetu ya harusi hapa Uyole, Mbeya, kwa hiyo kalenda iko mikononi mwangu. Mkwe mtarajiwa anatoka Guangdong. Kama nanyi mmepata wa huko, msilipie ukumbi kabla ya kuulizia almanaka yao, Tongshu. Humo kila siku imeandikiwa yanayofaa na ya kuepuka, harusi ikiwemo.

Anzeni kwa kufuta. Mwezi wa saba wa kalenda yao ni wa mizimu, hawaozeshi. Kwa 2026 ni Agosti 13 hadi Septemba 10. Inauma, maana Agosti huku mahindi yameshavunwa na michango inatoka bila kusukumana. Qingming, siku ya kusafisha makaburi mwanzoni mwa Aprili, nayo wengi huikwepa.

Kisha wanyama: kwao kila mwaka una mnyama wake, na aliyezaliwa humo huhesabiwa kwa mnyama huyo. Ulizeni tarehe kamili ya kuzaliwa, si mwaka peke yake, kwa sababu mwaka wao huanza kati ya Januari 21 na Februari 20. Kijana wetu kazaliwa Januari 1996, kila mtu akamwita Panya. Panya alianza Februari 19, kwa hiyo yeye bado ni Nguruwe. Binti yetu wa Juni 1999 ni Sungura. Nguruwe hagombani na mwingine kama Nyoka, Sungura na Jogoo, Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Chui milia na Nyani, Joka na Mbwa. Siku nazo zina wanyama hao hao, wakipokezana kwa zamu.

Vijana walishaipenda Oktoba 10 kwa jinsi itakavyopendeza kwenye kadi. Ni Jumamosi, lakini ni siku ya Nyoka. Ikafutwa. Oktoba 3 ni siku ya Mbwa, mwandani wa Sungura, tena China nzima iko kwenye mapumziko ya sikukuu ya taifa, ndugu zake wangepata nafasi ya kusafiri. Tatizo kaka yangu, baba wa binti: ni wa Novemba 1964, Joka. Familia nyingi huwatazama wazazi pia. Mimi ningemwambia mzee avumilie. Mama mkwe, yaani mama wa kijana, hataki hata kusikia.

Imebaki Oktoba 24, siku ya Mbuzi. Nguruwe, Sungura na Mbuzi ni kundi moja la kupatana. Doa lake ni ile 4, namba ambayo kwao matamshi yake yanakaribiana na kifo, wakati 8 ndiyo ya neema. Mama mkwe anasema mnyama ana uzito kuliko namba, na ameipeleka kwa mtaalamu atazame almanaka na saa ya kufunga ndoa. Saa hiyo mpelekeeni mchungaji mapema, kabla ya matangazo ya ndoa kusomwa, maana ibada yake haisogezwi ovyo.

Wakiikataa, Jumamosi inayofuata ni ya Chui milia, rafiki wa Nguruwe. Baada ya hapo ni Novemba, mvua, na mimi sifungi mahema kwenye tope la Uyole.