Namna ya Kuwasimulia Watoto Hila za Anansi

Mzazi au mwalimu wa Kisumu anayetaka kuwasimulia watoto ngano za Afrika Magharibi ana kazi nyepesi kuliko anavyodhani, kwa kuwa watoto hao wamekwisha kumjua Sungura, ambaye Waluo humwita Apuoyo, na hawahitaji kuelezwa mjanja ni mtu wa namna gani. Wakishaitikia "Pakawa!", waambie kwamba kwa Waakan wa Ghana mjanja ni buibui aitwaye Anansi, kwa Wayoruba ni kobe Ijapa, na kwa Wawolof wa Senegali ni sungura Leuk, anayemhadaa fisi Bouki vilevile kama Sungura wetu. Usikawie hapo; watoto wanataka kisa.

Mimi huanza na kisa cha chungu cha hekima. Anansi alikusanya hekima yote ya dunia akaitia chunguni, akakifunga chungu hicho tumboni na kuanza kuparamia mti mrefu ili akakifiche kileleni, lakini kila alipopanda aliteleza. Hapa punguza mwendo. Mfunge mtoto mmoja sufuria tumboni kwa leso (chungu cha udongo utakijutia), kisha mwambie aukumbatie mwembe ulio uani. Mikono haitakutana, magoti yatagonga sufuria, na kabla hujatamka neno wenzake watakuwa wakipiga kelele, "Mgongoni! Iweke mgongoni!" Ndivyo alivyosema Ntikuma, mwana wa Anansi, na ndipo baba yake alipopandwa na hasira, chungu kikamponyoka, kikavunjika na hekima ikatawanyika kila mahali.

Usiseme, "Hadithi hii inatufundisha." Uliza tu Ntikuma aliipata wapi hekima ile, ikiwa yote ilikuwa chunguni.

Siku ya pili simulia kisa ambacho mjanja anashinda, maana ni kosa kumsafisha Anansi hadi akawa mfano wa tabia njema. Ili azinunue hadithi zote kutoka kwa Nyame, mungu wa mbinguni, alitakiwa, pamoja na mengine, kumleta chatu Onini. Kwa shauri la mkewe Aso, alijifanya kubishana kama chatu ni mrefu kuliko fimbo, na chatu mwenyewe, kwa kupenda sifa, akajinyoosha apimwe, akafungwa. Mtoto akiuliza kwa nini mwongo ameshinda, mrudishie swali hilohilo, kisha unyamaze hata kimya kikirefuka.