Mafungo ya kimya Bagamoyo: siku tatu bila kuumia

Ukimwambia jirani unakwenda mafungo, huenda akakuuliza utafuturu saa ngapi. Neno lenyewe linachanganya. Mafungo ya kimya si kufunga kula, ni kujitenga ukae na Mungu. Wengi huingia na yote mawili kwa pamoja: hawasemi, hawali, wanakesha, na siku ya pili kichwa kinawagonga wakadhani ni vita vya kiroho. Ni njaa, au ni chai waliyoizoea kila asubuhi na sasa wameiacha ghafla. Eliya alipochoka kabisa jangwani, malaika hakumpa somo. Alimwambia ainuke ale. Akala, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akashika njia ya Horebu (1 Wafalme 19). Nawe anza na usingizi na chakula. Sala itafuata.

Kwa mara ya kwanza chukua siku tatu: ingia Jumatatu jioni, toka Alhamisi mchana. Mwisho wa juma Bagamoyo ina harusi, muziki na wageni kutoka Dar es Salaam, na ukuta wa nyumba ya mafungo hauzuii spika. Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yaani mpangilio wake wa sala na tafakari, huchukua siku 30 hivi, na yapo ya siku 8 yanayotokana nayo. Hayo usiyaanze bila kiongozi. Aliyefiwa karibuni, au anayepitia sonona, azungumze na kiongozi kabla ya kuweka nafasi, maana kimya kirefu hufukua mambo.

Msimu mzuri ni wa upepo wa kusi, Juni hadi Septemba. Februari chumba bila feni hakilaliki.

Piga simu majuma mawili au matatu kabla. Usiulize bei tu. Uliza kama siku hizo kuna semina ya kundi lingine, kama kimya ni cha wote hata mezani, kama kanisa dogo linafunguliwa alfajiri, kama kuna chandarua, na kama utapata kiongozi wa kukusikiliza walau nusu saa kwa siku. Kisha lipa yote mapema. Ukiacha salio la kulipa kwa simu siku ya pili, utaiwasha kwa ajili ya malipo na kujikuta unasoma ujumbe arobaini.

Simu ndiyo kazi kubwa. Mpe mtu mmoja nyumbani namba ya mapokezi, umwambie apige kwa dharura tu, halafu zima na uikabidhi. Kuiweka "kimya" ndani ya begi hakusaidii. Mkono utaitafuta usiku. Kwa kuwa simu ndiyo saa yako na ndiyo tochi yako, beba saa ya mkononi na tochi. Ongeza Biblia, daftari, kalamu mbili, dawa ya mbu, kandambili, na dawa zako zote za kawaida. Vitabu vingine acha. Mwenye vitabu vitano husoma ili asisali.

Siku ina vipindi vinne vya sala, kila kimoja dakika 45 hadi saa nzima: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 10 jioni na saa 2 usiku. Adhana ya alfajiri itakuamsha vizuri tu, huhitaji kengele. Kati ya saa 7 na saa 9 mchana lala. Jua la pwani halina mjadala.

Kipindi kimoja kiende hivi. Chagua mistari isiyozidi kumi na mitano, usiku uliotangulia. Tuseme kipofu Bartimayo, Marko 10:46-52. Soma polepole mara mbili. Funga Biblia. Keti kando ya ile njia ya Yeriko: vumbi, watu wanaomkaripia anyamaze, vazi analolitupa. Yesu anauliza, "Wataka nikufanyie nini?" Hapo simama, usikimbilie mstari unaofuata. Ukipata neno moja linalokugusa, baki nalo hata kama saa imeisha. Ukikauka, yaani sala isipokuwa na ladha yoyote, usitoke mapema. Inyasi anashauri kuzidisha kidogo muda uliopangwa. Baada ya hapo hama mahali, tembea, kisha andika mistari mitano: nini kilinivuta, nini kilinichosha. Hayo ndiyo ya kumpelekea kiongozi, si mahubiri uliyoyatunga.

Eneo la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, linafaa sana kwa matembezi haya: miembe, makaburi ya wamisionari, na groto, yaani pango la sala, ya Bikira Maria iliyojengwa 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Ila kukishapambazuka vizuri huja watalii na wanafunzi, kwa hiyo wahi mapema. Makumbusho yaache hadi siku ya tatu. Historia ya minyororo ni nzito, na ukiianza siku ya kwanza itameza yote. Ufukweni nenda asubuhi wavuvi wakiwapo, mikono mitupu.

Kisha salamu. Huku pwani mtu asiyesalimia ana kiburi, na mwanamafungo anayempita bibi anayefagia majani bila neno anaharibu jina la kanisa zima. Kwa wenzako wa mafungo, tikisa kichwa. Kwa mwenyeji sema "Shikamoo, bibi," pokea "Marahaba, mwanangu," uendelee. Sekunde nne hazivunji kimya. Kinachokivunja ni kunong'ona chumbani, vikaratasi mezani, na mume na mke kuzungumza kwa macho.

Tarajia alasiri ya siku ya pili. Utachoka, utakumbuka bili ya umeme, utaona umepoteza fedha, pengine utalia bila sababu. Kelele zimetoka, sasa yaliyokuwa chini yake yanaonekana. Usibadilishe uamuzi wowote ukiwa katika ukavu huo, wala usifungashe begi. Kunywa maji, tembea nusu saa, mwambie kiongozi.

Alhamisi usitoke mbio. Baada ya sala ya asubuhi andika jambo moja tu la kwenda nalo, lenye siku na saa: "dakika ishirini, saa 11 na nusu, kabla watoto hawajaamka." Vunja kimya mezani, kwa chakula cha mchana. Simu ikiwashwa, piga nyumbani kwanza, ujumbe uache hadi kesho. Na kwenye basi la kurudi kaa mbali na spika.